Mangi Tarsis na Stimu ya Serikali

Pale Mtaa wa Narung'ombe, Tarsis Kavishe alijulikana kwa vitu viwili: masufuria na sauti. Masufuria aliyauza kwa jumla, yamepangwa tangu sakafuni hadi darini, kubwa limemeza dogo. Sauti aliitoa bure. Akimwita mpagazi mmoja, wanageuka wapagazi wa mtaa mzima na mikokoteni yao. Watu walimwita Mangi, kama wanavyomwita kila Mchaga mwenye duka mjini Dar, lakini yeye jina hilo alilivaa kama mtu aliyeapishwa.

Aliteremka kutoka Rombo enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa na kila mwenye miguu akaonekana anauza kitu. Alianza na viatu vya mitumba kando ya Barabara ya Msimbazi, kavitandaza juu ya turubai, mkono mmoja unapokea hela, wa pili umeshika pembe ya turubai tayari kuwakimbia mgambo. Kutoka turubai akapata kibanda, kutoka kibanda akapata fremu ya duka. Kila hatua aliyopanda aliipanda serikali ikiwa inatazama upande mwingine. Hata hivyo alikuwa na imani nayo isiyo kifani. Aliamini ipo siku itamkumbuka, yeye binafsi, kwa jina.

Fremu yake ilikuwa chini ya ghorofa la zamani lenye vibaraza vya chuma. Jengo hilo alilijenga baba yake Pankaj, jirani yake. Baadaye likataifishwa, na Pankaj, aliyezaliwa humo akiwa mtoto wa mwenye nyumba, akakulia humo akiwa mtoto wa mpangaji. Aliuza vitambaa vya mapazia kwenye fremu ya pili, akaishi juu na mkewe Shobhana. Alikuwa mwembamba, mpole, na kila alfajiri alipanda darini kufanya yoga katikati ya matangi ya maji. Alikuwa akifanya hivyo tangu ujana wake, na hakuna mtu hata mmoja mtaani aliyewahi kumwuliza kwa nini. Tarsis aliiita yoga hiyo mazoezi ya kukaa.

"Sasa wewe Pankaj," alimwambia wakinywa chai ya tangawizi mlangoni, "mazoezi gani hayo mtu hatoki jasho?"

"Jasho unatoa wewe kwa ajili yetu wote," Pankaj alijibu.

Mwaka ule uchumi wa dunia ulipoyumba, Kariakoo haikupewa taarifa. Iliona tu kuwa wateja wa Lubumbashi hawaji, wa Lusaka wanapiga simu kusalimia tu, na masufuria yanakaa mpaka vumbi linaota juu yake. Kisha redio zikatangaza kuwa serikali imeandaa mpango wa kunusuru uchumi. Wasomi redioni waliuita kwa Kiingereza, "stimulus package," jina refu la kuchosha ulimi. Mtaa ukalikata, ukabaki na "stimu." Neno lilifaa pande zote, maana kwa lugha ya mjini stimu ni umeme, na ni kile pia kinachopanda kichwani baada ya chupa ya pili.

"Mangi, stimu imetoka?" vijana walimwuliza wakipita.

"Iko njiani!" Naye alitoka mlangoni kuwahutubia. Kwamba hela inamwagwa juu, inateremka benki, inateremka kwa waagizaji wakubwa, inateremka, inateremka, mpaka inamfikia mwenye sufuria. Alionyesha kwa mikono kama mtu anayeeleza mvua kwa watoto.

Pankaj alikuwa akimsikiliza mpaka mwisho, halafu anasema taratibu, "Wanaoishi juu wana ndoo, Tarsis. Kubwa kubwa."

Wakati huo ndipo Vidhi, binti yake Pankaj, aliporudi kutoka masomoni Pune, India. Alirudi na kinasa sauti kidogo cha kuingia mfukoni na wazo kubwa lisiloingia popote. Siku moja aliingia kwenye duka la masufuria.

"Shikamoo anko."

"Marahaba, mwanangu. Baba yako kakutuma?"

"Hapana, nimekuja mwenyewe. Nataka kuanzisha podikasti."

Tarsis akaweka miwani vizuri. "Poda ya nini?"

"Siyo poda, anko. Ni mazungumzo. Mnarekodi, nayaweka kwenye intaneti, watu wanasikiliza wakitaka. Baba azungumzie yoga na kutuliza akili. Wewe uzungumzie uchumi, hii stimu. Nitaiita *Pumzi na Uchumi*."

Neno alilosikia Tarsis ni moja tu: uchumi. Siku ya kurekodi alivaa shati jipya na kunyoa ndevu, akisahau kuwa sauti haina sura. Hotuba aliibeba kichwani tangu nyumbani Magomeni.

Walirekodi kwenye stoo ya Pankaj, katikati ya majora ya mapazia, kwa sababu vitambaa vinameza kelele. Ilikuwa mchana, joto la Januari, na Tarsis alikuwa ameamka kabla ya jogoo kuwika ili apokee mzigo. Vidhi akasema waanze na pumzi, uchumi utafuata. Tarsis akakunja uso, akakubali.

"Kaa vizuri, mgongo wima," alisema Pankaj. "Funga macho. Vuta pumzi kwa pua, polepole."

Nje, gari la matangazo likapita na kipaza sauti: dawa ya panya, dawa ya mende, kunguni na viroboto wote kwisha.

"Sikia sauti, usiifuate," Pankaj aliendelea, hakutikisika. "Iache ipite."

"Itapitaje?" Tarsis alisema macho yakiwa yamefungwa. "Kasimama mlangoni kwangu huyo."

"Iache tu. Rudi kwenye pumzi."

Tarsis akarudi kwenye pumzi, na pumzi ikampokea. Muda si mrefu stoo ilijaa mngurumo mzito, wa chini, uliokuwa ukipanda na kushuka kwa mpangilio. Vidhi aliuma kona ya pazia asicheke. Pankaj hakumwamsha. Kwao mgeni akisinzia ameonyesha kuwa yuko nyumbani. Ili muda usipotee, Vidhi akamgeukia baba yake, akamwuliza yeye hiyo stimu anaionaje.

Pankaj akaanza kusema, kwa sauti ya chini, juu ya mkoromo wa rafiki yake. Alisimulia foleni za sabuni alizopangishwa na mama yake akiwa mtoto, mwaka ambao duka la baba yake lilikuwa na rafu nyingi kuliko bidhaa, na asubuhi ile biashara ilipofunguliwa na watu wakawa wanashika vitambaa bila kununua, kuhakikisha tu kuwa vipo. Alisema ameona serikali ikichukua na ameona ikiachia, na nyakati zote mbili aliyetangaza alikuwa na uso uleule wa furaha. Alisema fedha za kunusuru hufika kwanza kwa yule ambaye hakuwa anazama.

Mwishoni Vidhi akamgusa Tarsis begani. "Anko, stimu itafika Kariakoo?"

Tarsis alikuwa bado nusu yuko huko alikokuwa. Hakufungua macho. Kwa sauti laini ambayo hata mkewe hakuwahi kuisikia, alisema, "Itafika, isifike, wewe pumua."

Kisha akaamka, akataka kuanza hotuba. Betri ya kinasa sauti ilikuwa imekwisha.

Kwenye intaneti mazungumzo yale yalisikilizwa na ndugu zake Shobhana walioko Leicester, Uingereza, basi. Lakini Vidhi alimpa fundi simu wa mlango wa tatu nakala, na yule fundi, aliyekuwa akiwajazia watu nyimbo kwenye memori kadi, akaitia katikati ya bongo fleva na kwaya. Kutoka hapo ikasafiri yenyewe, simu kwa simu. Mama ntilie Selina aliicheza akisubiri maharage yaive, akasema presha yake imeshuka. Makondakta waliipenda. Walichopenda hakikuwa yoga wala uchumi. Walipenda ule mkoromo, ambao waliamini ni mbinu, na yale maneno ya mwisho.

Watu wakaanza kuja dukani. Tarsis aliwapokea kwa bashasha akidhani wanataka masufuria.

"Mangi, tupe ile pumzi."

"Pumzi gani? Mimi ni mtu wa uchumi!"

"Ile ya kifuani kabisa. Mke wangu halali siku hizi."

"Nilikuwa nimelala mimi, mwanaume wee! Nimelala!"

Nao walitazamana wakatikisa vichwa kwa heshima. Mtu anayeweza kufundisha huku amelala, huyo kafika mbali.

Baya zaidi, hakuweza tena kupiga kelele. Akifungua mdomo kumkaripia mpagazi aliyebonyeza sufuria, mpagazi anamjibu kwa upole, "Itafika, isifike, Mangi. Wewe pumua," na mtaa mzima unaangua kicheko. Wateja walitumia maneno hayohayo kuomba punguzo. Hivyo basi, kwa mara ya kwanza tangu aje mjini, Tarsis akawa anafanya biashara kwa sauti ya kawaida. Ilimuuma kama kiatu cha kubana.

Upande wa Pankaj mambo yaligeuka kwa namna yake. Wazee wastaafu, waliosikia hadithi ya foleni za sabuni, walianza kuja kukaa kwenye benchi lake na magazeti yao. Walimwuliza bei ya dola itakwenda wapi. Mhadhiri mmoja alikuja kununua mapazia, akakaa mpaka duka likafungwa. Pankaj alijibu kila swali, halafu kila mara alijaribu kuingiza neno kuhusu pumzi. Hapo wageni wake walitazama saa.

"Tangu ujana wangu nakaa darini," alimwambia Shobhana, "hakuna aliyeniuliza. Nimesema sabuni mara moja, nimekuwa mchumi."

Magomeni nako habari zilifika. Kwenye jumuiya, baada ya sala, Mama Jovitha aliyekuwa mwenyekiti alimvuta Theopista pembeni. Theopista ndiye mke wa Tarsis, mama wa Allen, mwanamke mfupi asiyependa kuzungushwa.

"Mama Allen, nisikie kwako mwenyewe. Baba Allen amehamia kwa Wahindi?"

"Kahamia vipi?"

"Tumemsikia kwenye simu. Anafanya zile ibada zao. Ananguruma kabisa."

Theopista akamwomba simu, akaisikiliza mpaka mwisho, akamrudishia.

"Mama Jovitha, hiyo ibada anaifanya kitandani kwangu tangu tufunge ndoa. Padre ndiye aliyetufungisha."

Lakini alipofika nyumbani alimkalisha mumewe. "Baba Allen, wanaume wengine wanasifiwa kwa kazi. Wewe unasifiwa kwa kukoroma. Utafanyaje?"

"Nitarekodi tena. Safari hii nasema uchumi, macho wazi."

Hakupata nafasi, maana siku hizo ndipo alipokuja Bwana Melkiori. Alitoka ofisi fulani ya umma, na jina la ofisi yenyewe lilikuwa refu, Tarsis akashika herufi zake mbili tu. Alivaa suti ya rangi ya majivu, akasimama katikati ya masufuria akiwa amekumbatia mkoba.

"Mzee Kavishe, tunatekeleza mpango wa kunusuru uchumi ngazi ya mfanyabiashara. Tumekuchagua wewe. Kwa jina."

Tarsis alishika kaunta. Ile siku imefika.

"Mnataka nizungumze?"

"Tunataka uwaongoze wenzako. Ukumbi upo pale Mnazi Mmoja. Chakula kipo."

Usiku huo na kesho yake Tarsis alijitayarisha. Alijua atasema nini: kontena zinavyokwama bandarini, kodi zinavyogongana, benki zinavyomtaka mtu awe na nyumba ndipo zimkopeshe hela ya kujengea nyumba. Theopista alimpigia pasi suti ya harusi ya mdogo wake. Tarsis alimwomba Pankaj aje naye, awe shahidi. Pankaj alifunga duka mchana, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya msiba wa mjomba wake.

Ukumbi ulijaa wafanyabiashara wa Kariakoo na Ilala: wa vyombo, wa vipuri, wa khanga, wa mchele. Juu ya jukwaa kulikuwa na bango. Tarsis alilisoma mara mbili. Lilisema: *Utulivu wa Akili kwa Mfanyabiashara Wakati wa Mtikisiko wa Uchumi.*

"Bwana Melkiori," alinong'ona, "hii ndiyo stimu yenyewe?"

"Ndiyo sehemu yake inayowagusa ninyi moja kwa moja. Wataalamu wameona tatizo kubwa la mfanyabiashara mdogo ni msongo wa mawazo. Karibu mbele, mzee wetu. Dakika chache tu za ile pumzi yako."

"Na uchumi?"

"Uchumi tutapokea maswali mwishoni."

Kabla hajapanda, Pankaj alisimama katikati ya ukumbi. Watu wakageuka, maana si kawaida yake kusimama.

"Naomba kuuliza," alisema. "Hizi fedha zilizotangazwa, mfanyabiashara wa hapa anazipata kwa njia gani? Aende wapi? Amwone nani?"

Ukumbi ukachangamka. Mtu wa vipuri akapiga meza, mama mmoja wa khanga akasema, "Hapohapo! Jibuni hilo!" Bwana Melkiori akatabasamu, jasho likimtoka kwenye paji la uso.

"Swali zuri sana. Tunalichukua. Lakini mnaona wenyewe, joto la humu ndani limepanda. Mzee Kavishe, tusaidie."

Macho yote yakamwangukia Tarsis. Mdomo wake ulikuwa umejaa kontena na kodi na benki. Akaona wenzake, wale waliochoka kama yeye, wakimwangalia si kwa udadisi, bali kwa tamaa ya mtu anayetaka kupumzika. Akaona Bwana Melkiori akimnyooshea kipaza sauti kwa mikono miwili, kama anayemkabidhi kombe. Hakuna mtu aliyewahi kumpa Tarsis kipaza sauti.

"Fungeni macho," alisema.

Wakafunga. Yeye mwenyewe alishangaa. Akasema yale yote aliyoyakumbuka ya Pankaj, mgongo wima, pua, polepole, sikia sauti usiifuate, na sauti yake, ambayo wiki zile zilikuwa zimeilainisha kwa nguvu, ilitanda ukumbini kama shuka. Feni zilizunguka. Mzee wa mchele ndiye aliyeanza kukoroma, akafuata wa vipuri, kisha safu ya nyuma yote. Bwana Melkiori alilala amekaa, mkoba kifuani. Katika ukumbi mzima walibaki watu wawili tu wenye macho wazi, Tarsis juu ya jukwaa, na Pankaj bado amesimama pale aliposimama akiuliza.

Walipoamka, sambusa zilikuwa zimeletwa na muda wa maswali umekwisha. Kila mtu alimpa Tarsis mkono. Walisema hawajawahi kuhudhuria semina nzuri kama ile.

Walirudi kwa miguu, Pankaj mbele, Tarsis nyuma na suti yake. Walipokaribia Msimbazi, Pankaj akapunguza mwendo.

"Ungesema wewe, Tarsis," Pankaj alisema hatimaye. "Mimi nimesema, wakaniona Mhindi wa mapazia. Wewe ungesema, wangekusikia."

"Walitaka kulala, bwana! Ningefanyaje?"

"Yoga siyo kulala. Yoga ni kuamka." Akatoa funguo za duka. "Umechukua kitu changu ukawafunga nacho watu midomo."

Akaingia dukani kwake, akateremsha mlango wa chuma.

Siku zilizofuata chai haikunywewa mlangoni. Tarsis alikunywa yake peke yake ndani, katikati ya masufuria, na ilikuwa na ladha ya bati. Alimwomba Vidhi arekodi tena, na Vidhi akakubali. Safari hii Tarsis alisema yote. Alisema kontena, alisema kodi, alisema benki, alisema wazi kuwa mara ya kwanza alisinzia na kuwa ukumbini aliwalaza wenzake wakati walipaswa kujibiwa. Alipiga kelele mpaka majora yakatikisika. Vidhi, aliyezoea kumsikiliza, aliona hajawahi kusema vizuri hivyo.

Fundi simu aliisikiliza nusu, akaifuta. "Hii haina stimu, Mangi," alisema. "Watu wanataka ile ya kwanza."

Theopista ndiye aliyekata shauri. "Uliyemkosea si serikali wala Kariakoo," alimwambia. "Ni mtu mmoja, na unajua anakokaa asubuhi. Panda ngazi."

Akapanda. Alfajiri, ngazi za chuma zikilalamika chini ya uzito wake, akatokea darini akihema. Pankaj alikuwa ameketi kati ya matangi, uso umeelekea upande wa Mnazi Mmoja kunakopambazuka. Hakugeuka. Alisogea tu kidogo, mkeka ukapata nafasi.

Tarsis akaketi, magoti yakilia kama bawaba kavu. "Nisamehe, Pankaj."

"Mgongo wima," Pankaj alisema. "Na leo hakuna kulala."

Bwana Melkiori alipiga simu baadaye, akimtaka azunguke mikoani na semina ile. Tarsis alimwambia aje kwanza Narung'ombe, saa za kazi, ajibu lile swali la ukumbini mbele ya watu wakiwa macho. Bwana Melkiori alisema amelipokea, na hakupiga tena. Mwaka uliofuata wateja wa Lubumbashi wakaanza kurudi. Redioni walisema mpango umefanikiwa. Mtaani hakuna aliyeweza kuthibitisha wala kukanusha, maana hakuna aliyeuona ukipita. Vidhi aliolewa Nairobi akaondoka na kinasa sauti chake.

Wale wawili waliendelea kupanda darini. Sehemu kubwa ya muda walibishana kuhusu kodi, macho yamefungwa. Lakini asubuhi moja, lori likirudi nyuma huko chini na matingo wakielekezana kwa kelele, Tarsis aliona pumzi yake ikiingia na kutoka yenyewe, bila yeye kuisimamia, na hakutaka kitu chochote kutoka kwa mtu yeyote. Ilidumu mpaka lori lilipozima injini. Alitaka kumwambia Pankaj, akaogopa ataiharibu. Akakaa nayo siku nzima, akamwambia Theopista jioni akila.

Theopista alimtazama kwa muda mrefu juu ya bakuli la mtori.

"Baba Allen," alisema, "una hakika hukulala?"

Tarsis aliapa kwa jina la mama yake. Theopista alimwongezea mtori, lakini ilionekana wazi kuwa hakumwamini.